Msemaji wa Jenerali Kuang

Kwenye barabara ya zamani itokayo mjini Guangzhou kwenda Huangpu, kandokando ya lami, yamesimamishwa mawe meusi yanayomfika mtu mzima kiunoni, na juu ya kila jiwe yamechongwa maandishi ya Kichina yakapakwa rangi ya dhahabu. Mawe hayo yanaonyesha njia aliyopita Jenerali Kuang, mwanamapinduzi wa enzi za kuwaangusha wafalme, alipokuwa akizunguka huku na huko kutafuta watu wa kumuunga mkono. Hayo yote ni kweli. Yaliyobaki, yaani karibu kila kitu ambacho wafanyabiashara wa Kiswahili walikijua kuhusu Jenerali Kuang, yalitoka kichwani mwa Burhani.

Burhani, mtu wa Magomeni, Dar es Salaam, alikuwa wakala wa mizigo. Aliwapokea wateja kutoka nyumbani, akawatembeza kwenye masoko ya Zhanxi na Zhanqian wanunue viatu na nguo, akakusanya marobota yao, kisha akawapeleka kwenye ghala moja karibu na bandari ya Huangpu ili waone kwa macho yao mzigo ukiingia kontena. Safari hiyo ya ghalani ndiyo iliyomharibu. Foleni ya magari ni ndefu, na mteja aliyekwama kwenye foleni huanza maswali: meli inaondoka lini, mbona wiki iliyopita ulisema Jumatatu, hivi hilo kontena lenyewe lipo? Burhani aligundua mapema kwamba mteja akisimuliwa habari za vita husahau kuuliza, na hata kichefuchefu cha gari humwisha. Ndipo alipomwajiri Jenerali Kuang bila mshahara.

Kusoma Kichina hakuweza. Kuzungumza, alizungumza cha sokoni: alijua kumwita kila mwenye duka laoban, yaani bosi, alijua kulalamika kwamba bei ni tai gui, ghali mno, na alijua kuondoka na aibu yake alipojibiwa meiyo, hakuna. Kwenye maandishi alitambua tarakimu tu. Na karibu kila jiwe lilikuwa na tarakimu mahali fulani, na mtu anayeishi kwa kuhesabu katoni akiona tarakimu haoni kitu kingine ila idadi ya mzigo. Jiwe lenye 3000 likawa mahali ambapo Jenerali alipambana na askari elfu tatu. Kwenye lile lenye 800 wakafa mia nane. Gari lilipita, jiwe likabaki nyuma, na hakuna mteja aliyewahi kushuka akawahesabu marehemu.

Mambo yalikwenda hivyo kwa raha zake mpaka Burhani alipompenda Muzdalifa.

Muzdalifa alikuwa na duka la viatu vya watoto huko Darajani, Unguja, na alikuja Guangzhou mara mbili kwa mwaka. Alikuwa mwanamke wa kukibonyeza kiatu kwa dole gumba na kukwambia gundi yake itaachia mwezi gani. Aliwahi kuolewa. Mumewe alimwambia kwa miaka kadhaa kwamba anafanya kazi Muscat, na kila akirudi alileta halua ya Oman kwa ushahidi. Baadaye ikajulikana kuwa Muscat yenyewe ilikuwa Wete, kule Pemba, kwa mke mwingine, na halua ilinunuliwa dukani pale pale Unguja. Muzdalifa alidai talaka yake, akaipata, na tangu siku hiyo halua haiingii nyumbani kwake.

Burhani alimposa kwa njia inayotakiwa. Alimpigia simu kaka yake, Bwana Abdulhadi, akajieleza kwa adabu, akamtumia na picha ya nyumba yake ya Mbezi, na Bwana Abdulhadi akajibu kwamba dada yake ni mtu mzima, mwenyewe akiridhia yeye hana neno. Muzdalifa naye aliahidi kutoa jibu safari hii, kabla hajapanda ndege. Ila alimpa onyo.

"Burhani, mie sitafuti mwanamume wa kunilisha. Najilisha. Natafuta mtu akinambia nje kunanyesha, nichukue mwavuli bila kwenda dirishani kuhakikisha."

Burhani alitikisa kichwa kwa uzito, kama mtu anayesikia habari za watu wengine. Lakini siku ya pili alijaribu kujipima: akaamua kukaa kutwa nzima bila kudanganya. Asubuhi hiyo hiyo mteja alimpigia kuuliza yuko wapi, naye akajibu, "Niko njiani, nakaribia kabisa," huku mswaki ukiwa mdomoni. Alijitazama kwenye kioo, povu limemtoka hadi kidevuni, akasema moyoni: bwana harusi huyo.

Siku moja kabla ya Muzdalifa kusafiri, walikwenda ghalani kuona viatu vyake vikipakiwa. Mwanamke wa heshima hapandi gari peke yake na mtu anayemposa, kwa hiyo Muzdalifa alimwalika mwanamke mwenzake, Ndinda, mfanyabiashara wa mikoba kutoka Nairobi ambaye mzigo wake ulikuwa katika kontena hilo hilo. Ndinda alikaa mbele, karibu na dereva wa Kichina ambaye hakuwa na habari na mtu. Muzdalifa alikaa nyuma upande wa dirisha. Burhani alikaa upande wa pili, na mkoba mkubwa wa Muzdalifa ukawekwa katikati yao kama mpaka wa nchi.

Burhani alikuwa amejiapiza kufunga mdomo. Leo Jenerali Kuang yuko likizo, alijiambia. Walitoka Zhanxi, wakapenya katikati ya mikokoteni ya marobota, wakafika barabara ya zamani, na foleni ikawapokea. Jiwe la kwanza lilitokea upande wa kulia. Burhani alitazama kushoto.

"Leo rafiki yako hasemi?" Muzdalifa aliuliza.

"Rafiki yupi?"

"Jenerali. Si hapa ndipo palipokuwa na ile vita yake kubwa?"

Hapo angeweza kusema hapana. Neno ni fupi, hata mtoto anaweza kulisema. Lakini mwanamke anayempenda alikuwa amemgeukia, anamsikiliza, na Burhani akisikilizwa hana breki.

"Ndipo," alisema. "Hapa hapa alikabiliwa na askari elfu tatu, akakatwa mkono wa kulia, wala hakushuka kwenye farasi."

"Safari iliyopita ulikuwa wa kushoto."

Ndinda aligeuka kutoka kiti cha mbele ili asipitwe na kitu.

"Yote miwili," alisema Burhani. "Wa kushoto ulitangulia."

"Na hatamu za farasi akazishika na nini?"

"Na meno."

Alijisikia akilisema. Lilitoka lenyewe, laini, na huku likitoka Burhani alikuwa kama abiria anayelitazama gari lake likienda mtaroni. Muzdalifa hakucheka. Alitazama lile jiwe lililokuwa likisogea taratibu dirishani, kisha akasema, "Mwambie dereva asimame."

"Hapa hapasimamwi, bibie. Polisi wa hapa ni wakali."

Ndinda alikwisha mgusa dereva begani na kumwonyesha kando ya barabara. Kulikuwa na nafasi pana, na mtu mmoja alikuwa ameegesha pikipiki yake pale, anakula tambi bila wasiwasi wowote wa polisi.

Walishuka. Kwa karibu, jiwe lilikuwa safi na la heshima, na Burhani alijihisi kama mtu aliyekutana ana kwa ana na jirani aliyekuwa akimsengenya. Ndinda alitoa simu, akaielekeza kamera kwenye maandishi, akangoja kidogo yabadilike kwenye kioo.

"Haya, sikizeni," alisema. "Hapa Jenerali Kuang alipumzika chini ya mti kwa sababu jua lilikuwa kali. Muuza mboga mmoja alimpa kipande cha tikiti maji."

"Endelea," alisema Muzdalifa.

"Imeisha."

"Na elfu tatu?"

Ndinda aliinamisha simu. "Mita elfu tatu hadi jiwe linalofuata."

"Na mikono?"

"Lazima alikuwa nayo. Tikiti alishika na nini?"

Burhani alikohoa. "Hizi simu hutafsiri ovyo ovyo. Kichina kina undani wake."

"Buda, simu haina haja ya kukudanganya," alisema Ndinda. "Haitafuti bibi."

Kilichomtisha Burhani si hicho. Kilichomtisha ni kwamba Muzdalifa alikuwa akilibonyeza jiwe kwa dole gumba, vile vile anavyobonyeza soli. Waliporudi garini alisema, bila ukali wowote, "Kila tukikuta jiwe, tushuke. Ila kabla Ndinda hajasoma, nataka bei yako kwanza."

Kwenye jiwe la pili palikuwa na tarakimu 800. Burhani alisimama mbele yake na mikono nyuma. Alijua kabisa kwamba hapo hakuna maiti hata mmoja. Lakini mazoea ya miaka hayana aibu.

"Walikufa mia nane," alisema.

"Tai gui," Muzdalifa alijibu kwa sauti ile ile anayowapigia wenye maduka wa Zhanxi.

"Basi mia nne."

"Punguza."

"Hamsini. Wengine walijeruhiwa tu, wakapona."

Muzdalifa alimpa mgongo, akaanza kuondoka polepole kuelekea garini, mkoba begani, mwendo wa mteja aliyeona duka la pili. Burhani hakuwa amekusudia. Ulimi wake ndio uliokusudia.

"Kumi! Njoo, laoban, kumi! Bei ya mwisho!"

Mtu aliyekuwa akipita na baiskeli alimgeukia. Ndinda alikuwa ameegemea jiwe, mabega yanamtikisika, na ilimchukua muda kupata sauti ya kusomea.

"Hakufa mtu. Hapa Jenerali aliuliza njia, akaelekezwa vibaya. Chini wameandika choo cha umma kipo mita mia nane."

Safari hii Muzdalifa alicheka. Alicheka kwa kichwa kizima, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na Burhani akafurahi kwa muda mfupi sana. Kisha akakumbuka kwamba ameuona mcheko huo mara nyingi. Ni ule anaomwachia muuzaji mcheshi kabla ya kwenda kununua kwa mwingine.

Kuanzia hapo aliogopa kweli. Hakuogopa kuchekwa, kuchekwa alikuzoea, na nusu ya vichekesho vya Guangzhou vilivyomhusu alivitunga mwenyewe. Aliogopa kesho. Alimwona Muzdalifa akiingia uwanja wa ndege na mwavuli wake, na yeye akibaki nje akiwaeleza madereva wa teksi kwamba yule mwanamke alimkataa kwa sababu za kisiasa.

Jiwe la tatu lilikuwa mbele ya duka la vipuri. Muzdalifa hakudai bei. Alimpungia Ndinda mkono tu asome, na hilo lilimuuma Burhani kuliko mnada.

"Hii ni ndefu," alisema Ndinda. "Jenerali Kuang alitoka mkoa wa mbali na hakuelewa lugha ya watu wa hapa. Walipomsemesha alitikisa kichwa kukubali. Baadaye ikagundulika kwamba amekubali kununua bata sitini. Alilipa, akatembea na bata hao siku mbili."

Ndinda na Muzdalifa walishikana. Burhani hakucheka. Mawazoni alikuwa amerudi mwaka wake wa kwanza katika mji huu, katika duka moja la Zhanxi, amesimama mbele ya mwenye duka anayezungumza haraka haraka, naye anatikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wiki moja baadaye alipokea katoni za viatu vya mguu wa kushoto vitupu, vya maonyesho. Alikaa juu ya katoni hizo akalia, kisha akainuka akamwambia mteja kwamba meli imechelewa.

Alilitazama jiwe na moyo ukamlainika, akamwonea huruma yule mtu, na akaona haya. Miaka yote hiyo alikuwa akipita mbele ya mgeni mwenzake, mtu wa kutikisa kichwa bila kuelewa, na badala ya kumjua alimkata mikono na kumzungushia maiti. Alimpandisha juu ya farasi, wakati mwenzake alikuwa akitembea kwa miguu nyuma ya bata.

"Masikini," alisema, na lilikuwa neno la kweli la kwanza alilolitoa tangu Zhanxi. Muzdalifa alimwangalia kidogo.

Ghala lilikuwa mwisho wa barabara hiyo, malori yanaingia na kutoka. Kando ya geti palikuwa na jiwe jingine, la mwisho, dogo kuliko yale mengine, limejaa vumbi la magurudumu. Burhani alilipita mara nyingi sana bila kulisimulia, kwa sababu wakifika hapo wateja huwa wamekwisha shuka kukimbilia mizigo yao. Kontena lilikuwa wazi ndani ya geti, na wapakiaji walikuwa wakingoja mwenye mzigo. Ndinda alitoa simu. Muzdalifa aliweka kiganja juu ya kamera.

"Ngoja kwanza." Akamgeukia Burhani. Hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Kesho nasafiri. Na wewe unajua nini nimekuahidi. Hili jiwe linasema nini?"

Burhani aliinama, akapangusa vumbi kwa kitambaa chake. Alitafuta tarakimu. Hakukuwa na tarakimu. Hadithi zilikuja zenyewe mlangoni, zinasukumana kama wauza viatu wanaomwona mteja mpya: hapa alizikwa, hapa alimpa mama mmoja upanga wake, hapa aliapa. Moja ilikuwa nzuri sana, ilikuwa na mbwa ndani yake. Zilikuwepo pia zile ndogo, za kujificha: "nadhani," "wenyewe husema," "kama sikosei." Alizijua hizo kuliko zote, maana kwa hizo ndizo aliishi. Alimtazama yule mwanamke, akajua kwamba akifungua mdomo vibaya hatamwona tena ila kwenye risiti za mizigo.

"Sijui," alisema.

Lori lilipita. Muzdalifa alingoja lipite.

"Sema tena, sikusikia."

"Sijui, Muzdalifa. Sisomi Kichina. Natambua tarakimu tu, na hapa hazipo. Sijui linasema nini."

Muzdalifa akaondoa kiganja. Ndinda alielekeza simu kwenye jiwe. Akasoma kimya. Akasoma mara ya pili. Halafu akakaa chini kwenye ukingo wa barabara, sketi yake nzuri katika vumbi, akaanza kucheka kwa namna ambayo wapakiaji walitoka getini kuangalia kuna nini.

"Ndinda, soma basi!"

"Wameandika..." alisema, akashindwa, akajaribu tena. "Wameandika, haijulikani kama Jenerali Kuang alifika hapa."

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake yote, Burhani alikuwa amelisoma jiwe sawasawa.

Muzdalifa hakucheka na mwenzake. Aliutua mkoba juu ya jiwe, akaegemea hapo kana kwamba ni meza ya duka, akasema, "Ile nyumba ya Mbezi uliyomtumia kaka yangu picha yake."

"Naam."

"Ya ghorofa mbili."

Burhani alivuta pumzi. "Punguza," alisema.

Nyusi za Muzdalifa zilipanda. "Ghorofa moja."

"Punguza."

"Nyumba ya chini basi. Ya kawaida."

"Punguza bado."

"Kuta zipo?"

"Msingi," alisema Burhani. "Msingi wa vyumba vitatu. Ile ya pichani ni ya jirani, ila kipande cha ukuta kinachoonekana pembeni ni uzio wangu. Nao umeinama." Aliona amekwisha fika chini, hakuna pa kushuka zaidi, na akashangaa kwamba bado amesimama. "Na pale patakapokuwa sebuleni pameota mpapai."

"Unazaa?"

"Nini?"

"Mpapai, Burhani. Unazaa?"

"Unazaa sana. Jirani ndiye anayekula."

Muzdalifa alitazama ndani ya geti, kwenye kontena lake, na midomo yake ilikuwa ikienda kidogo kama mtu anayepiga hesabu ya chumba na kitanda na dirisha. Kisha aliuchukua mkoba, akautundika begani, akapangusa vumbi lililobaki kwenye mkono wa baibui.

"Usipandishe hata tofali moja," alisema, "mpaka nije mwenyewe nione upepo unaingilia wapi. Na mpapai usiukate."

Akaingia getini kwenda kuhesabu katoni zake, na wapakiaji wakampisha njia.

Ndinda aliinuka kutoka chini, akajipangusa sketi, akamkaribia Burhani na kumchungulia usoni.

"Buda," alimwita kwa sauti ya chini, "umesikia vile amesema?"

Burhani alikuwa amesikia. Alifungua mdomo kumjibu, akatafuta kushoto, akatafuta kulia, na hakukuta neno hata moja, la kweli wala la uongo.